Kasoro ya Kiwandani au Sarafu Iliyoumia? Mwongozo Kamili wa Kuikagua Kabla Hujaota Mamilioni

Simu yangu haiishi kupokea picha za sarafu. Nyingine zimepigwa juu ya goti, nyingine ndani ya daladala, na karibu zote zinakuja na swali moja: "Mzee, hii ni ya shilingi ngapi?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo nayaandika majibu yote mahali pamoja.

Watu wanakwama palepale kila mara: wanaanza na bei. Mtu anaona sarafu yake ina kitu cha ajabu, anaingia mtandaoni, anakuta nyingine inayofanana nayo kwa mbali imeuzwa maelfu ya dola, na kuanzia hapo macho hayaoni tena. Sisi tutaanza na mashine. Ukishindwa kueleza ni katika hatua gani ya kiwandani jambo hilo lilitokea, ulichoshika ni sarafu iliyoumia, hata kama umbo lake linashangaza mtaa mzima.

Tenga saa moja, meza, na mwanga mzuri.

## Vifaa vya kuandaa

- Lenzi ya fundi saa au ya sonara, inayokuza mara 10. Usikimbilie kubwa zaidi. Ukikuza mara 40, kila mkwaruzo unaonekana kama Bonde la Ufa.
- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu (0.01). Ile ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai, maana mara nyingi tunatafuta tofauti ya nusu gramu. Kama huna, nenda kwa sonara umwombe akupimie.
- Kalipa ya kupimia kipenyo na unene. Ya plastiki inatosha, na haikwaruzi.
- Sumaku. Hata ile ya spika iliyokufa.
- Taa moja ya mezani unayoweza kuisogeza huku na huku.
- Kitambaa laini cha kutandika mezani, sarafu ikiponyoka isiumie.
- Sarafu nyingine tano za aina ileile, ikiwezekana za mwaka uleule.

Hizo sarafu tano ndizo watu wanazoziruka, na bila hizo vifaa vingine vyote ni mapambo. Utasemaje kitu si cha kawaida wakati hujawahi kuikagua ile ya kawaida?

## Onyo: usiisafishe

Nilipokuwa kijana, bibi yangu alinipa peni ya zamani yenye tundu katikati, senti 10 ya Afrika Mashariki. Ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, kama kahawa ya bandarini. Nikaisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa kama ufunguo mpya, nikaenda kumwonyesha kwa fahari. Bado ninayo. Ukiiweka chini ya lenzi unaona mikwaruzo midogo elfu, yote imelala upande mmoja, na hakuna mkusanyaji atakayeigusa.

Ngozi ile ya nje, inayojijenga polepole kwa miaka, ndiyo ushahidi wako. Ndiyo inayoonyesha kama kovu ni la siku ya kwanza au la wiki iliyopita. Limau, dawa ya meno, soda, siki, vyote vinaifuta. Ikiwa na tope, iloweke kwenye maji safi, kisha ikaushe kwa kuigusisha kitambaa bila kusugua. Ishike kwa ubavu, vidole viwili, usiziguse nyuso zake. Jasho nalo linaacha alama.

## Hatua ya 1: Ifahamu iliyo ya kawaida

Panga zile tano mezani, weka yako katikati. Angalia upande mmoja wa zote, kisha mwingine. Soma maandishi yote. Hesabu pande kama ina pembe. Pitisha ukucha ubavuni uone kama una meno au ni laini.

Sababu ni kwamba vitu vingi vinavyoitwa "makosa" viliwekwa kwa makusudi. Chukua shilingi 500 ya Tanzania iliyotoka mwaka 2014, yenye Sheikh Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Ukiigeuzageuza kwenye mwanga, kuna sehemu inayoonyesha 500, ukiinamisha kidogo inaonyesha BOT (Benki Kuu ya Tanzania). Nimeletewa hiyo kama muujiza. Ni alama ya usalama, na kila sarafu ya aina hiyo inayo.

Shilingi 40 ya Kenya ya mwaka 2003, yenye picha ya Kibaki, pia si kosa. Ilitolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ndiyo maana thamani yake ni ya ajabu. Ile dala yetu ya zamani (shilingi 5) yenye pande kumi nayo iliundwa hivyo.

Kuna pia peni na ndururu (senti 5) za tundu za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti kabla hajatawazwa. Watu wamesikia kwamba sarafu zake ni adimu, na zile za Uingereza zenye sura yake kweli ni adimu sana. Lakini hizi za Afrika Mashariki hazina sura, zina jina tu, zilitengenezwa kwa wingi na zikaingia sokoni kama kawaida. Ni kumbukumbu nzuri. Utajiri haumo.

Hatua imekamilika ukiweza kusema tofauti kwa sentensi moja: "Yangu haina mwaka", au "Yangu ni nyembamba upande wa kushoto wa kichwa." Ukijikuta unasema "yangu iko tofauti tofauti tu", rudia.

## Hatua ya 2: Ingia kiwandani kwa dakika tano

Huhitaji kusomea uhandisi. Kumbuka vitu vitatu tu.

Kisahani ni kile kipande cha chuma cha duara, kitupu, kilichokatwa kutoka kwenye bati refu. Muhuri ni chuma kigumu kilichochongwa picha kinyumenyume. Mihuri iko miwili, mmoja juu na mmoja chini. Pete ni kola ya chuma inayokizunguka kisahani wakati wa kupigwa, ili chuma kisitawanyike. Pete ndiyo inayoweka meno ya ubavuni.

Kisahani kinaingia ndani ya pete, muhuri unashuka kwa nguvu kubwa, chuma kinatiririka kujaza kila shimo la mchoro, sarafu inatolewa, kingine kinaingia. Yote hayo kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Kwa hiyo kasoro ya kweli ina nyumba tatu tu za kuzaliwa: kisahani kilikuwa kibovu, muhuri ulikuwa mbovu, au pigo lenyewe lilikwenda vibaya. Kila kinachotokea baada ya sarafu kutoka kwenye mashine ni jeraha, na jeraha halina bei.

Kanuni moja ya kukariri kutokana na hayo: mstari ulioinuka umetoka kwenye muhuri, mstari uliozama umetoka mitaani. Muhuri ukipasuka, chuma kinaingia kwenye ufa na kuacha mstari ulioinuka juu ya sarafu. Msumari, kisu au lami haviwezi kuinua chuma namna hiyo, vinachimba tu. Kanuni hii ina vighairi vyake (uzi au waya ukinaswa kati ya muhuri na kisahani unaacha mfereji), lakini itakuokoa mara nyingi.

Angalizo kwa wapenzi wa vitu vya kale: haya yanahusu sarafu za mashine za kisasa. Heller 20, sarafu za Wajerumani zilizofuliwa Tabora mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zimekaa upande na kupigwa ovyo kwa sababu zilitengenezwa kwa haraka na vifaa vya kubahatisha. Sarafu za shaba za Kilwa zilipigwa kwa mkono. Kwa hizo, kukaa upande ndiyo kawaida.

## Hatua ya 3: Pima kabla hujatazama kwa lenzi

Macho yanadanganyika, mizani haijui ndoto zako.

Pima zile tano za kawaida moja moja, andika. Utapata nafasi yako mwenyewe ya kawaida, mathalani kati ya gramu 9.4 na 9.6. Kisha pima yako mara tatu. Fanya hivyohivyo kwa kipenyo, ukipima sehemu mbili zinazokatana. Mwisho jaribu sumaku kwa zote sita.

Shilingi 500 yetu, kwa mfano, ina gramu 9.5 na kipenyo cha milimita 27.5, ni chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku inainasa. Kwa aina nyingine, tovuti ya Numista ina uzito na vipimo vya sarafu za nchi nyingi bila malipo.

Soma majibu hivi. Uzito ukiwa sawa lakini rangi tofauti, kuna uwezekano mkubwa sarafu imepakwa rangi, imechomwa moto au imelowa kemikali. Uzito ukizidi kidogo, huenda mtu ameipaka madini juu. Uzito ukipungua na kuna sehemu imekatika, endelea na hatua ya 5. Uzito, kipenyo na sumaku vyote vikitofautiana, huenda ilipigwa kwenye kisahani cha sarafu nyingine au cha nchi nyingine. Hapo ndipo moyo una haki ya kudunda.

Mfano mzuri kuliko wote ni senti ya Marekani ya mwaka 1943. Shaba ilihitajika vitani, kwa hiyo mwaka ule senti zilifuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilivyosalia kwenye mitambo vikapigwa muhuri wa 1943 kwa bahati mbaya. Moja ya hizo, iliyotoka kiwanda cha Denver, iliuzwa dola milioni 1.7 mwaka 2010. Bila shaka watu wamepaka shaba senti za chuma kwa maelfu. Jaribio ni la sekunde moja: ikinaswa na sumaku, ni chuma iliyovalishwa shaba. Isiponaswa, ipime: ya chuma ina gramu 2.7 hivi, ya shaba 3.11. Ikivuka hapo, itazame ile 3 ya mwisho kwa lenzi, maana wapo waliokwangua 8 ya 1948 ikawa 3.

Onyo: mizani ya betri iliyochoka inasoma uongo. Ipime kwa sarafu ya kawaida mwanzo na mwisho. Namba zikiachana, tupa vipimo vyote urudie.

## Hatua ya 4: Tafuta jeraha kwanza

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa sababu wanatafuta ushahidi wa kuwakubalia. Fanya kinyume. Jifanye wewe ni mnunuzi bahili, tafuta kila sababu ya kuikataa.

Zima taa ya dari. Weka taa ya mezani iangaze kutoka ubavuni, chini kabisa, mwanga upite juu ya uso wa sarafu kama jua la jioni juu ya mchanga. Kisha izungushe sarafu polepole chini ya lenzi. Kila kilichoinuka kitatupa kivuli upande mmoja, kila kilichozama upande wa pili.

Mwaka jana kijana mmoja wa bodaboda aliniletea shilingi 200. Shikamoo, marahaba, akaifungua kutoka kwenye karatasi tatu. Juu ya uso kulikuwa na herufi nyingine zilizozama, zinasomeka kinyumenyume, kama maandishi kwenye kioo. Kwa kweli ipo kasoro ya namna hiyo, na ni nzuri. Sarafu inagoma kutoka, inabaki imeng'ang'ania muhuri, na kisahani kinachofuata kinapigwa na sarafu badala ya muhuri. Matokeo ni picha iliyozama, kinyumenyume.

Tukaiweka kwenye mwanga. Herufi zilizozama zilikuwa zimepita *juu ya* picha ya kawaida, na sehemu zilizoinuka zilikuwa zimelala bapa, zinang'aa, kama zimekanyagwa. Hilo haliwezekani kiwandani. Kama sarafu iliyokwama ndiyo ingepiga, upande ule usingekuwa na picha ya kawaida hata chembe, ungekuwa na ile iliyozama peke yake. Nikamuuliza, "Kijana wangu, hii imetoka kwa fundi gani?" Akacheka. Kumbe binamu yake ana gereji: sarafu mbili, jiriwa moja, mizunguko miwili ya nguvu.

Majeraha mengine ya kuyakataa palepale:

Sarafu nyembamba, pana, herufi zimevutika. Imepita chini ya treni au nyundo. Pigo la kiwandani bila pete pia huitanua sarafu, lakini picha yake inabaki safi na imekamilika, na ubavu unakuwa laini bila meno.

Ukingo umevimba na kujikunja kuelekea ndani. Imezunguka muda mrefu ndani ya mashine ya kukaushia nguo au kitu kama hicho.

Tundu kwenye sarafu isiyoundwa na tundu, hata likiwa katikati kabisa. Mtu alihitaji washa ya bolti au kidani.

Vipele na malengelenge. Sarafu za chuma zilizopakwa madini mengine, kama shilingi moja ya Kenya ya miaka ya 1990 yenye Moi, hupata kutu chini ya ngozi na kuvimba. Ni ugonjwa wa uzee.

Upande wote umekuwa laini, hauna mwaka. Angalia kama uso uko chini kuliko kawaida na una mistari ya msasa. Sarafu iliyochakaa kwa mikono inachakaa kwanza sehemu zilizoinuka, iliyosuguliwa imeliwa bapa.

Hatua imekamilika ukikosa jeraha lolote linaloeleza tofauti uliyoiandika kwenye hatua ya 1. Zinazopita ni chache sana. Usisikitike, ndiyo kazi ya chujio.

## Hatua ya 5: Itafutie familia

Sasa linganisha na kasoro zinazojulikana. Nitakaa zaidi kwenye zile zinazowachanganya watu.

### Maandishi mawili mawili

Hii ndiyo inayoleta ugomvi kuliko zote. Herufi au namba zinaonekana pacha. Kuna aina mbili, moja ina thamani na nyingine haina.

Ya thamani inazaliwa wakati muhuri wenyewe unatengenezwa: unapigwa mchoro mara mbili bila kulingana. Kila sarafu inayotoka kwenye muhuri huo ina upacha uleule, mahali palepale. Kwa lenzi utaona herufi mbili kamili zilizopishana, zote mbili zimeinuka na mgongo wa mviringo, na kwenye pembe za herufi kuna mwanya mdogo kama ncha ya mshale. Herufi inakuwa *nene* kuliko kawaida.

Isiyo na thamani inatokea wakati wa kupiga: muhuri umelegea, unatikisika unapoinuka, unakwangua herufi iliyokwisha kuumbika. Utaona ngazi, kitu bapa kilicholala chini ya herufi, kinang'aa. Herufi yenyewe inakuwa *nyembamba*, kwa sababu imemegwa ikasukumwa pembeni.

Senti ya Marekani ya mwaka 1955 inatufundisha yote mawili. Muhuri mmoja uliopigwa vibaya ulitoa sarafu kama 20,000 hadi 24,000 zilizoingia mitaani, na upacha wake unaonekana bila lenzi. Hizo zinauzwa zaidi ya dola 1,000. Mwaka uleule kuna senti nyingine ambazo 5 ya mwisho ina kivuli kwa sababu muhuri ulikuwa umechakaa. Wakusanyaji wa Marekani wameipachika jina la utani, pacha ya maskini, na bei yake inalingana na jina.

Jaribio la mwisho: tafuta picha ya sarafu nyingine yenye upacha uleule kabisa. Ukiipata, umefika mbali.

### Kisahani kilichoumwa

Sarafu inaonekana kama biskuti iliyong'atwa, na pengo lina umbo la duara. Ilitokea kwa sababu bati halikusogea vya kutosha, kikataji kikashuka sehemu iliyokwisha kukatwa.

Angalia upande unaotazamana na pengo, ng'ambo kabisa. Kwenye kasoro ya kweli, ukingo wa ng'ambo ni dhaifu au haupo, maana mashine inayoinua ukingo ilikosa cha kubana upande wa pili. Pia herufi zilizo jirani na pengo zimevutika kidogo kulielekea. Ukingo wa ng'ambo ukiwa mzima na imara, na pengo lina alama za tupa, mtu alikaa chini akaikata.

### Picha iliyokaa upande

Kisahani hakikuingia vizuri, muhuri ukapiga sehemu tu. Inabaki hilali tupu, laini, isiyo na mchoro. Ikiwa imehama kidogo tu, kiasi cha kufanya ukingo mmoja kuwa mnene, ni jambo la kila siku. Inayotafutwa imehama karibu nusu, *na bado mwaka unasomeka*. Mwaka ukipotea, wakusanyaji wanapoa.

### Mihuri isiyo ya ndoa moja

Upande wa mbele wa toleo moja umeunganishwa na upande wa nyuma wa toleo lingine. Mfano ulio karibu na ndugu zetu walioko Uingereza ni sarafu yao ya pensi 20 (20p) ya mwaka 2008. Katika mchoro mpya, mwaka ulihamishiwa upande wa Malkia. Kundi moja likapigwa upande mpya wa ngao pamoja na upande wa zamani wa Malkia, ambao haukuwa na mwaka. Matokeo: sarafu isiyo na mwaka popote. Inakadiriwa hazizidi 250,000, na zimekuwa zikiuzwa pauni 50 hivi. Ukiwa huko, angalia chenji yako: lazima iwe na *ngao*. Yenye waridi isiyo na mwaka imekwanguliwa.

Sarafu yenye vichwa pande zote mbili ni hadithi nyingine. Karibu zote ni za wachezaji wa mazingaombwe: sarafu moja imechimbwa, nyingine imepunguzwa ikaingizwa ndani. Tafuta mshono mwembamba ndani ya ukingo, kisha idondoshe juu ya kitambaa kilichotandikwa kwenye mbao. Ya kweli inalia, ya kubandikwa inaguna.

### Sarafu za rangi mbili

Shilingi 10 na 20 za Kenya zina kitovu na duara la nje. Kitovu kinaweza kugongwa kikatoka, kikarudishwa kimegeuka. Angalia mahali mchoro unapovuka mpaka. Kwenye kasoro ya kiwandani, kitovu kimehama lakini mchoro umevuka mpaka bila kukatika, kwa sababu vyote vilipigwa kwa pamoja. Mistari ikikatika mpakani na kuanza pengine, ni kazi ya nyundo.

### Zilizobaki kwa ufupi

Herufi iliyofifia kwa sababu grisi ilijaa kwenye muhuri: kasoro ya kweli, bei ya chai. Ufa wa muhuri: vivyo hivyo, isipokuwa kipande kizima cha muhuri kimeng'oka ukingoni na kuacha donge. Pande mbili zisizoelekea pamoja: simamisha ile ya kawaida na yako kati ya vidole, zigeuze kwa pamoja. Usitumie kipimo cha video za Wamarekani, maana sarafu zao zinageuka juu-chini, na za Kiingereza na zetu zinageuka kushoto-kulia. Kwao ni kawaida, kwako ingeonekana kosa.

## Hatua ya 6: Je, kuna anayeitaka?

Nitasema ukweli ambao hauwafurahishi watu. Sarafu za Kenya na Tanzania hazifuliwi hapa, na wakusanyaji wa kasoro zake ni wachache. Kasoro kubwa ya kweli kwenye senti ya Marekani ina maelfu ya watu wanaoigombea. Kasoro ileile kwenye shilingi yetu inaweza kuwa adimu zaidi, lakini ina wanunuzi watano duniani, na wawili kati yao wanasubiri ushuke bei.

Kwa hiyo bei inakwenda na mambo matatu: inaonekana bila lenzi? Sarafu yenyewe ni safi? Nchi yake ina wakusanyaji? Ukijibu hapana mara mbili, iweke kama kumbukumbu.

Unapotafuta bei, tazama zilizo*uzwa*. Kwenye eBay kuna kichujio cha bidhaa zilizokwisha kuuzwa, na kampuni ya mnada ya Heritage Auctions ina kumbukumbu za mauzo yake. Bei aliyoandika muuzaji ni ombi tu. Mimi naweza kuandika milioni 10 kwenye ndizi.

## Hatua ya 7: Picha, uthibitisho na matapeli

Piga picha nne: mbele, nyuma, ubavu, na kasoro kwa karibu ukiweka simu juu ya lenzi. Weka sarafu ya kawaida pembeni kwenye picha moja. Andika uzito na kipenyo. Mtaalamu yeyote ataanza kwa kukuuliza hayo.

Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC zinathibitisha kasoro na kuifunga sarafu kwenye kasha, kwa malipo. Usitume mpaka mauzo ya sarafu kama yako yazidi mara kadhaa ada pamoja na posta ya kwenda na kurudi. Kwa sarafu zetu nyingi, hesabu hiyo inakataa.

Onyo kubwa: yale matangazo ya "tunanunua shilingi ya zamani kwa milioni tano" yana mchezo mmoja. Watasifu picha yako, watakubali bei bila kubisha, halafu watakuomba ada ya usajili, ya cheti, ya bima. Mnunuzi wa kweli anabisha bei, anauliza uzito, na hakuombi hata senti. Aliyekubali bila kuuliza uzito hanunui sarafu, anakuuzia wewe ndoto.

## Kuitunza

Usiiweke kwenye plastiki laini yenye harufu ya viatu vipya, maana baada ya muda inatoa ute wa kijani unaoila sarafu. Bahasha ndogo ya karatasi inatosha, moja kwa kila sarafu, mbali na unyevu. Wa pwani mnajua chumvi inavyokula bati, basi na sarafu ni hivyohivyo.

Juu ya bahasha andika kila kitu siku ileile, kwa kalamu, kabla ya kuiingiza sarafu ndani. Hii ni moja ya kwangu, neno kwa neno:

*Tanzania, sh. 500, 2014. Gramu 9.51. Milimita 27.5. Sumaku: inanasa. Mstari ulioinuka, kutoka ukingoni hadi pembe ya nyati. Ufa wa muhuri. Nimeipata kwenye chenji ya nyanya. Bei: sh. 500.*